Chama kidogo Katelembo: anza na milango, jukwaa litafuata



Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama wewe ni kijana wa Katelembo, pale Machakos, na umejiunga na chama ambacho jirani yako hata jina lake hajalisikia, tahariri hii ni yako.

Tuseme ukweli kwanza. Machakos ni ngome ya Wiper. Ni kweli mwaka 2017 Alfred Mutua aliishinda Wiper kwenye kiti cha ugavana akiwa na Maendeleo Chap Chap, chama kilichozinduliwa mwaka mmoja tu kabla. Lakini tayari alikuwa gavana. Alikuwa na jina na alikuwa na magari. Mwaka 2022 Wiper ilikichukua kiti hicho kupitia Wavinya Ndeti. Wewe huna cheo wala helikopta. Una miguu, una simu, na majirani wanakujua wewe ni mtoto wa nani. Basi tumia hivyo ulivyo navyo.

Na usidhani utashinda kwa kura za msikitini peke yake. Waislamu wa Machakos ni wachache. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inakataza chama kujengwa juu ya dini, kabila au eneo. Wazee wetu wa Pwani waliyaonja haya hata kabla ya Katiba hii. IPK ilipoanzishwa Mombasa mwaka 1992, serikali ilikataa kuisajili. Je, wafuasi walirudi nyumbani kulala? Hapana. Mtandao wao wa mitaani ukawasaidia wagombea wa FORD-Kenya kushinda viti Mombasa mwaka uo huo. Cheti kilinyimwa, lakini watu walikuwa wameshapangwa mtaa kwa mtaa. Hilo ndilo la kujifunza.

Kwa hivyo Katelembo unabisha kila mlango: wa anayeswali na wewe, wa mama anayekwenda AIC Jumapili, na wa yule asiyekwenda popote. Kila mwanachama achukue nyumba kumi zilizo karibu naye. Siku ya kwanza usiombe kura. Uliza jambo moja tu: ni nini cha kaunti kinachokusumbua hapa? Andika jibu. Rudi baada ya wiki mbili useme umefanya nini. Wanasiasa wengi hurudi baada ya miaka mitano, kwa hivyo wewe ukirudi baada ya siku 14 utakumbukwa. Nendeni pia kwenye vikundi vya mwethya, stendi ya boda boda na baraza la chifu, na mwende kusikiliza.

Mkishasikiliza, chagueni swali moja. Hapa ndipo vyama vingi huharibu. Katelembo habari kubwa ni ardhi. Migogoro ya ushirika wa Katelembo Athiani Muputi imefika mahakamani mara nyingi, na inaumiza familia. Lakini hati miliki hazitolewi na kaunti, na kesi haiamuliwi kwa kura. Ukimwambia mzee kwamba chama chako kitamletea hati kwa kukusanya sahihi, unamdanganya. Chukueni jambo ambalo Katiba imeipa kaunti: maji, barabara za ndani, taa za mtaani, soko, chekechea, zahanati.

Hapo sheria iko upande wenu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi la umma kwa kaunti, na kifungu cha 89 kinailazimu kaunti kujibu kwa haraka. Kifungu cha 90 kinaenda mbali zaidi: kaunti inaweza kuitisha kura ya maoni kuhusu mipango na uwekezaji, ikiwa ombi limetiwa sahihi na asilimia 25 ya wapigakura waliosajiliwa mahali kura itakapopigwa. Zuri kulisoma, gumu kulitimiza. Machakos ina wapigakura zaidi ya 600,000. Kwa kaunti nzima unazungumzia sahihi zaidi ya 150,000. Chama kidogo kikianza na hilo kitachoka kabla ya kufika Mutituni.

Msimamo wetu ni huu: anzeni na ombi la umma la eneo lenu, lenye swali moja na sahihi za kweli. Lipelekeni bunge la kaunti mkiwa pamoja, mchana, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Lipelekeni pia kwenye vikao vya bajeti, maana makadirio hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo kelele nyingi ni bure. Mkijibiwa, mmeleta maji. Mkipuuzwa, mna orodha ya watu wenye sababu ya kubadilisha MCA. Kumbukeni kwamba hata mgombea huru wa wadi anahitaji wapigakura 500 tu wa kumuunga mkono. Kiti cha wadi kinafikika kwa miguu.

Lakini orodha hiyo ni amana. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta wameandikishwa kwenye vyama bila kuulizwa. Mlio safi msifanye hivyo. Sahihi ya ombi si uanachama wa chama, mwambieni mtu wazi. Usichukue nambari ya kitambulisho bila ridhaa, usimtilie mtu sahihi, usipige picha karatasi ukaitupa kwenye WhatsApp. Sahihi moja ya uongo ikigundulika, zile za kweli zote zitatiliwa shaka.

Mwisho, jiangalie mwenyewe. Kwenye daftari la IEBC la 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka tangu 2017. Juni 2024 vijana walijaa barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Nguvu ipo. Lakini barabara haichagui MCA, daftari ndilo linalochagua. Kabla hujabisha mlango wa jirani, hakikisha jina lako limo.

Wabillahi tawfiq.