SERIKALI MBILI, ZIZI MOJA

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Basi mwanafunzi wa Siongiroi akimwuliza mwalimu wake imekuwaje serikali mbili zikakaa katika nchi moja, ameuliza jambo la maana, wala asinyamazishwe.

Jibu limo katika Katiba ya mwaka 2010, iliyogawa kazi baina ya Serikali ya Taifa na kaunti 47. Orodha ya kazi hizo imo katika Jedwali la Nne. Lakini mtoto akikaririshwa orodha ataisahau kabla ya jua kuchwa. Afadhali aanze na vitu avionavyo njiani aendapo shuleni.

Yafaa mwalimu agawe ubao kwa mstari: upande mmoja Nairobi, upande wa pili Bomet. Kisha aulize: Soko ni la nani? Bomet. Zahanati? Bomet. Askari wa polisi? Nairobi. Na chifu? Hapo wengi watajibu Bomet, maana chifu wanaishi naye kijijini. Sivyo, chifu ni mtumishi wa Serikali ya Taifa. Kazi hugawanywa na sheria, si kwa ukaribu. Tena ziko kazi za pande zote mbili: sera ya kilimo hutungwa Nairobi, bali afisa wa ugani amjiaye mkulima shambani ni wa kaunti.

Mfano ulio bora umo shuleni penyewe. Mara nyingi chekechea na gredi ya kwanza zimo katika ua mmoja. Lakini mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, na jirani yake huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Mzazi aendaye kwa gavana kudai mwalimu wa gredi ya kwanza atarudi mikono mitupu, na nauli imekwisha.

Na wafundishwe pia yaliyopita. Majimbo ya mwaka 1963 yalivunjwa na Bunge kuanzia mwaka 1964. Leo muundo wa ugatuzi haubadilishwi na Bunge peke yake. Sharti wananchi wapige kura ya maoni.

Basi fahali hawa wawili hukaa pamoja kwa kuwa kila mmoja amepewa malisho yake. Mwenye zizi ni mwananchi, naye asipojua mipaka ya malisho hayo, hatajua ni fahali yupi aliyeingia shambani.