Jasho la Wapiga Vyombo
Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyepata kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari mjini Detroit, Marekani, alikopa dola 800 katika akiba ya jamaa zake akaanzisha kampuni ya santuri iliyokuja kuitwa Motown. Juhudi hiyo ya Mtu Mweusi twaisifu. Lakini alipoiuza mwaka 1988 kwa dola milioni 61, wapiga vyombo, ambao kwa miaka mingi hata majina yao hayakuchapwa kwenye majalada, hawakuwa na hisa. Haki za nyimbo hakuziuza siku ile; mwaka 1997 nusu tu ya haki hizo ilimpatia dola milioni 132. Ndugu wafanyakazi, ujira huisha, hati hubaki. Wanamuziki wetu na waungane, wadai fungu lao kwa maandishi kabla ya kupiga wimbo wa kwanza.