Goti Linalopimwa kwa Nyuzi

Askari wa Marekani aliyeruka kwa parachuti au kutembea miaka mingi na mzigo mgongoni mara nyingi hustaafu na magoti yaliyozeeka kuliko yeye. Akidai fidia kwa wizara inayohusika na wanajeshi wastaafu, mtaalamu hulikunja goti lake na kulipima kwa kipimapembe. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Lake likiishia 45, jedwali la wizara linampa ulemavu wa asilimia 10. Likiishia 30, asilimia 20. Likiishia 15, asilimia 30. Likiishia 60 anapata sifuri.

Sifuri hiyo inanikera. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida amekunja goti karibu nyuzi 90. Asiyevuka 60 hakai vizuri ndani ya basi, hachuchumai, na ngazi anazipanda mguu mmoja ukiuvuta mwenzake. Kwa hesabu ya pembe peke yake, mtu huyo halipwi kitu.

Kinachomwokoa ni kanuni nyingine, kwamba kiungo kinachouma kikisogezwa kinastahili walau kiwango cha chini kinacholipwa. Mwaka 2011, katika kesi ya Burton, mahakama ya rufaa za wastaafu iliamua kuwa kanuni hiyo si ya wenye ugonjwa wa baridi yabisi pekee. Basi anapata asilimia 10, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi.

Wanaoitetea pembe wana hoja ya kweli. Maumivu hayaonekani, na kipimo kisichotegemea ufasaha wa mdai wala huruma ya daktari kinamlinda hata mdai asiyejua kujieleza. Mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Mitchell mwaka 2011, ilisema maumivu matupu hayatoshi kumpandisha mdai juu ya kiwango hicho cha chini. Lazima yazuie kiungo kufanya kazi. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu: sheria iliyozaa jedwali inataka viwango vifuate wastani wa uwezo wa kujipatia kipato ambao jeraha la namna hiyo humpunguzia mtu. Pembe iliwekwa ili kukadiria hasara hiyo, nayo inaikadiria vibaya. Goti la mtu anayebeba mizigo ghalani linaweza kukunjika vizuri saa tatu asubuhi kliniki, kisha likavimba alasiri hata asiweze kusimama. Kesi ya DeLuca ya mwaka 1995 iliwataka wapimaji wazingatie maumivu na uchovu. Correia, 2016, ikadai goti lipimwe pia likiwa limebeba uzito wa mwili. Sharp, 2017, ikamkataza mpimaji kukwepa kukadiria hali ya siku mbaya kwa kisingizio kwamba hakuwapo. Ni zaidi ya miaka ishirini ya wastaafu kwenda mahakamani, mmoja baada ya mwingine, kudai waulizwe jambo ambalo jedwali lingepaswa kuuliza tangu mwanzo.

Na linaweza kuuliza. Mwaka 2021 wizara ilibadili vigezo vya goti lisilo imara: sasa huangaliwa kano zimechanika kiasi gani, na kama mgonjwa ameandikiwa kifaa cha kulishikilia goti au mkongojo ili atembee. Goti linalouma linastahili vigezo vya aina hiyo: anasimama dakika ngapi, anapanda ngazi ngapi, anakosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Pembe ibaki kama ushahidi mmojawapo, na ile sifuri ya nyuzi 60 ifutwe.