Machozi ya mkesha, hasira za Jumatatu

Wiki hii naomba nijianike mwenyewe, maana kila siku nawasema wenzangu.

Ijumaa moja nilikwenda mkesha. Watu walijaa hadi nje, kinanda kinalia, na ilipogonga saa tisa usiku mhubiri akasema kila mwenye kinyongo na ndugu yake akiachie. Mwenzenu nililia kama mtoto! Nikatamka kwa kinywa changu kwamba nimemsamehe kaka yangu, ambaye tulikuwa hatusemeshani mwaka wa pili kwa ajili ya kiwanja alichotuachia marehemu baba kule Mbagala. Alfajiri nikarudi nyumbani mwepesi kama unyoya.

Sasa sikia kasheshe. Jumatatu asubuhi niko kituoni nagombea daladala, nikamwona kaka ng'ambo ya barabara. Roho ikanipanda! Nikajibanza nyuma ya meza ya muuza magazeti mpaka akapita. Njia nzima najiuliza: ina maana Ijumaa nilimdanganya Mungu? Au yale machozi yalikuwa ya kinanda tu?

Nikampelekea swali mama mmoja, mzee wa kanisa. Akanicheka kwanza. "Mwanangu," akasema, "umepika vitu viwili chungu kimoja, sasa unashangaa ladha."

Kweli, Waswahili tunachanganya. Tunasema roho inaniuma, roho imenipanda, fulani ana roho mbaya, kumbe mara nyingi tunazungumzia hisia. Biblia nayo ina maneno yake. Paulo katika 1 Wathesalonike 5:23 anataja roho, nafsi na mwili, na Waebrania 4:12 inasema Neno la Mungu hupenya hadi kuitenga nafsi na roho. Wakristo wenyewe hawajaafikiana. Wapo wanaosema mtu ni sehemu tatu, kama Watchman Nee wa China aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo mwaka 1928. Wengine wanasema roho na nafsi ni majina mawili ya kitu kimoja.

Yule mama hakutaka ubishi huo. Alichoniambia ni kwamba furaha, hasira na huzuni zinakaa kwenye nafsi, nazo huja na kuondoka kama mvua. Rohoni ndiko unakomjibu Mungu ndiyo au hapana.

Akanikumbusha Eliya. Mlimani Karmeli moto ulishuka kutoka mbinguni, watu wakaanguka kifudifudi. Muda si mrefu jamaa huyohuyo anamkimbia Yezebeli, anakaa chini ya mti jangwani na kuomba afe. Je, Mungu alimwambia imani yake feki? Hata! Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akaletewa tena. Na Yesu mwenyewe pale Gethsemane alikiri kuwa nafsi yake ina huzuni kiasi cha kufa, lakini mapenzi ya Baba akayatimiza vilevile.

Kwa hiyo machozi yangu ya Ijumaa hayakuwa uongo, na hasira ya Jumatatu haikufuta msamaha. Uongo ungekuwa kungoja mpaka nijisikie vizuri ndipo nimtafute kaka. Ningengoja mpaka mmoja wetu azikwe.

Jumamosi nikafunga safari hadi kwake. Miguu mizito kama nimefungwa mawe, rohoni hakuna kinanda wala shangwe. Samahani, nimekosea tena: nafsini. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, kaka."

Akanitazama, kimya, mpaka nikataka kugeuza. Kisha akasema, "Marahaba. Umeshakula?"

Kiwanja hatujakimaliza, jamani, nisiwadanganye. Hasira nayo bado hunipitia, hasa akianza ule ujuaji wake. Lakini ikija siku hizi siikimbii nyuma ya meza ya magazeti. Naiacha ipite, halafu namsalimia.

Wewe unamngoja nani? Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.