Mlinzi wa Mlango wa Mto Naye Anastahili Ujira



Maji ya ziwa Kivu hushuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Ya Tanganyika hutoka Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, hupita Kisangani, na mwishowe humiminika katika bahari ya Atlantiki, huko Banana, eneo la Moanda. Basi asituambie mtu kwamba mlango wa mto Kongo ni jambo la watu wa magharibi peke yao. Ni mlango wa nyumba yetu sote.

Hapo ndipo ilipo mikoko. Mizizi yake hushika tope, huvunja nguvu ya mawimbi na kuwasitiri samaki wachanga. Mwaka 1992 Serikali iliifanya sehemu hiyo kuwa hifadhi. Mwaka 1996 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Hata hivyo mikoko ingali inakatwa, kwa ajili ya makala na kwa kukaushia samaki. Nani atamzuia mkataji? Walinzi wa Serikali hawawezi kuwa katika kila kijito. Anayeweza ni mvuvi apitaye hapo kila alfajiri kwa mtumbwi wake.

Wako wanaosikia hayo na kusema: “Vema, wenyeji walinde wenyewe. Salongo hailipwi.” Hoja hiyo tunaikataa.

Sisi tunaowaandaa walimu tunaifahamu tangu zamani. Miaka mingi waliambiwa walimu wetu kwamba ualimu ni wito, na mzigo wa ujira wao ukatwikwa wazazi. Mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani. Katiba ya 2006 ilikwisha kutamka kwamba shule ya msingi ya Serikali ni bure. Tulingoja hadi 2019 ndipo bajeti ilipoanza kuyafuata maneno hayo. Wito haujazi chungu.

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 53, humpa kila mtu haki ya mazingira salama na wajibu wa kuyatetea. Kisha huiagiza Serikali iyasimamie. Wajibu una pande mbili. Mvuvi akitoa macho na mtumbwi wake, Serikali nayo itoe fedha: posho ya doria, miche ya mikoko, na majiko yanayotumia kuni chache. Mama anayekausha samaki hakati mti kwa uovu; watoto wake wanangoja chakula. Na petroli huchimbwa Moanda humo humo. Je, si haki sehemu ya mapato yake ilinde pwani inakotoka?

Wengine husema fedha hizo zitaliwa. Hofu yao si ya bure. Lakini hatufungi shule kwa kuwa mkuu mmoja ameiba karo, tunadai hesabu. Kamati ichaguliwe na wenyeji, na hesabu isomwe mbele ya kijiji: kilichopokewa, kilichotumika, kilichobaki. Wala tusiwategemee wafadhili wa nje peke yao: mradi wao una mwisho, mawimbi hayana.

Vijana, bajeti ya nchi hujadiliwa Bungeni kila mwaka. Mwulizeni mbunge wenu: katika bajeti hiyo, mlinzi wa mikoko ameandikiwa kiasi gani? Akijibu kwamba mto uko mbali, mwonyesheni maji yanayopita chini ya daraja lenu.