Neno Lililowatia Hofu Wafalme

Imekuwa desturi kwa baadhi ya waandishi wetu, kila itajwapo Uchina, kudai kwamba watu wa nchi ile walilala usingizi wa utiifu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wakimsujudia mfalme, mpaka vitabu vya Ulaya vilipowaamsha na kuwafunza kupindua. Madai haya ni mepesi, na wepesi wake ndio uyafanyao yapendwe. Kweli haimo.

Na tuanze na neno lenyewe, maana wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa maneno. Mapinduzi kwa Kichina ni geming. Ming ni amri, nayo hapa ni amri ya Mbingu impayo mfalme haki ya kutawala; ge ni kuibadili, kumvua aliyekuwa nayo. Neno hili limo katika vitabu vyao vya kale, likiwasifu walioziangusha koo za Xia na Shang, karne nyingi kabla Marx hajazaliwa. Ufalme ulikuwa na sharti. Raia wakifa njaa na watoza kodi wakigeuka wanyang'anyi, amri imeondoka, na aliyebaki kitini ni mtu kama watu wengine. Mencius, aliyeishi karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, hakuyanong'ona hayo. Aliyasema mbele ya mfalme, akaongeza kuwa aliyemuua dhalimu hakuua mfalme.

Zhu Yuanzhang aliielewa vyema hatari ya maneno hayo. Alikuwa yatima wa kijijini, akaombaomba njiani, kisha uasi wa mafukara ukampandisha hadi kuuasisi ukoo wa Ming mwaka 1368. Alipokwisha kukaa, mwaka 1394, kitabu cha Mencius kilifyekwa vifungu 85. Yeye aliyepanda kwa ngazi ile ndiye aliyeivuta juu! Je, mfalme hufyeka kitabu kinachofundisha utiifu mtupu?

Ni kweli kwamba fikra hiyo ya kale ilimbadili mwenye kiti, haikukivunja kiti. Kiti kilivunjwa na mapinduzi yaliyoanzia Wuchang Oktoba 1911, na Puyi, mtoto wa miaka sita, akajiuzulu Februari 1912. Hapo fikra za jamhuri kutoka ng'ambo zilikuwa na mchango wake, wala sikatai.

Nisichokubali ni kushangilia kila kilichotupwa baadaye. Lu Xun, katika hadithi yake ya mwaka 1918, aliyafananisha maadili ya kale na ulaji wa watu, na alikuwa na sababu zake. (Mao naye, mwaka 1957, aliwaasa vijana wasijitie katika mashairi ya bahari za kale, huku jarida lile lile likimchapishia yake 18 ya bahari hizo hizo. Washairi wetu wa arudhi watacheka.) Lakini pamoja na Confucius ulitupwa wajibu mmoja mzito: wajibu wa mwanachuoni kumkanya mtawala.

Mwaka 1566 ofisa Hai Rui alimwandikia mfalme Jiajing waraka wa kumkemea kwa kuitelekeza nchi. Yasimuliwa kwamba alikwishajinunulia jeneza. Alifungwa. Mfalme akafariki mapema mwaka uliofuata, Hai Rui akatolewa. Mwaka 1959, njaa ikianza kuuma vijijini, Marshali Peng Dehuai alimwandikia Mao barua kuhusu makosa ya Hatua Kubwa Mbele. Alivuliwa uwaziri wa ulinzi. Mwanahistoria Wu Han aliandika tamthilia juu ya Hai Rui, ikachezwa Beijing mwaka 1961. Mwishoni mwa 1965 ilishambuliwa magazetini kuwa ni fumbo la kumtetea Peng, na mashambulizi hayo yakafungua mlango wa Mapinduzi ya Kitamaduni. Wu Han alifia kifungoni mwaka 1969.

Basi hao wasemao kuwa Uchina ya kale ilijua kutii tu, na mpya ndiyo iliyojua kuasi, watuambie: Hai Rui na Wu Han wawaweke upande gani?