Dawa ya Joto si Dawa ya Meno

Ndugu msomaji, mtu atokaye Mbeya mjini kuelekea Tunduma, akishauteremka mlima wa Iwambi na kuikaribia Mbalizi, mara nyingi hupokewa na harufu ya breki zilizopata moto. Madereva wa malori wa barabara hii ya TANZAM huijua harufu hiyo, na walio waangalifu huiogopa. Mzigo ni mzito, mteremko ni mrefu, na joto linalozaliwa katika breki lisipopata pa kwenda, chombo hukataa kumtii dereva wake. Juma hili nataka tuzungumze habari ya joto, lakini si lile la malori. Ni joto la chombo ambacho siku hizi kimo katika nyumba zetu nyingi, yaani kompyuta, na hasa ile sehemu yake iitwayo kadi ya michoro.

Kompyuta ya kwanza ililetwa nchini mwetu mwaka 1965 na kuwekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Zama zile, popote ulimwenguni, kompyuta kubwa ilikaa katika chumba chake chenye mitambo ya kupoza hewa, ikahudumiwa na wataalamu usiku na mchana. Leo imo sebuleni, kando ya kabati la vyombo, na mhudumu wake ni wewe na wanao. Hapana budi basi tujue inavyougua na inavyotibiwa.

Nina jirani hapa Mbalizi, mama auzaye nafaka sokoni. Kijana wake hujipatia riziki kwa kutengeneza picha za video za harusi na za mahafali. Kompyuta anayoitumia ilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba cha mama yake, na kila Jumamosi mama huyo hupeleka rejesho mbele ya wenzake. Mwezi wa Agosti, wakati harusi ni nyingi, mashine ikaanza kuugua. Kijana akiifanyisha kazi kwa dakika kumi tu, feni hupiga kelele kama mashine ya kusaga, picha huganda, kisha kioo huwa cheusi. Kazi ya harusi moja ikakwama katikati, hali wenye harusi walikwisha kutoa nusu ya malipo.

Fundi wa kwanza aliifungua kadi ya michoro, akaona dawa iliyokuwamo imekauka kama ukoko wa ugali, akaikwangua. Kisha akachukua dawa ya meno, akaipaka mahali pake. Kwa siku mbili mashine ilitulia. Siku ya tatu ugonjwa ukarudi kwa nguvu zaidi. Fundi wa pili hakufungua kitu. Alisema kadi imekwisha, inunuliwe mpya. Jioni ile kijana akaja kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Mama anataka kuuza magunia mawili ya mahindi aliyoyaweka akiba, tununue kadi nyingine. Nikasema kwanza nije kuuliza."

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilifanya kazi miaka mingi katika karakana ya malori, na huko nilijifunza kwamba kabla ya kumwambia mwenye gari anunue injini mpya, yafaa utazame rejeta na mkanda wa feni. Nilimwita kijana mwingine, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na siku iliyofuata tukakaa watatu mezani. Niliyojifunza siku hiyo ndiyo ninayokuletea leo.

Ndani ya kadi ya michoro mna chipu, kipande chembamba ambacho upana wake hauzidi sana ule wa stempu ya barua. Kadi ya kawaida ikifanya kazi nzito hutumia umeme wa wati 120 au 150, na zilizo kubwa hupita wati 300. Kumbuka zile balbu za zamani za wati 100, jinsi zilivyounguza vidole. Karibu umeme wote huo hugeuka joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa katika kijipande hicho. Ndiyo sababu juu yake pamewekwa bamba la kupozea, la shaba au la alumini, lenye mapezi mengi, na juu ya mapezi feni zinazosukuma hewa. Shaba hupitisha joto upesi mno. Ni madini yale yale tuyaonayo kila siku yakipita hapa Mbalizi juu ya malori kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam.

Lakini chipu na bamba, hata vikisuguliwa vikang'aa kama kioo, havigusani sawasawa. Vina mabonde na vilima visivyoonekana kwa macho, na ndani ya mabonde hayo hukaa hewa. Hewa ni kizuizi kikubwa cha joto, ndiyo maana blanketi huleta usingizi wakati wa baridi ya Juni. Kazi ya dawa ya kupitisha joto, ambayo mafundi huiita pesti, ni kuifukuza hewa hiyo na kujaza mabonde. Haina kazi nyingine.

Wataalamu hupima uwezo wa kitu kupitisha joto kwa namba. Hewa hupata 0.026. Pesti nyingi nzuri hupata kati ya 4 na 10. Shaba hupata 400 hivi. Zitazame namba hizo kwa makini. Pesti iliyo bora inaishinda hewa mara mamia, lakini yenyewe inashindwa na shaba mara arobaini. Maana yake ni kwamba pesti ikikosekana ni hasara, na ikizidi pia ni hasara. Inatakiwa kidogo, ya kujaza mabonde tu, ili metali iikaribie chipu kadiri iwezekanavyo.

Dawa ya meno ilitulizaje mashine kwa siku mbili? Ndani yake mna unga laini uliochanganywa na maji, basi kwa muda huyajaza mabonde kama pesti. Lakini maji hayo hukaushwa na joto, unga hubaki ukoko, ukoko hupasuka, na hewa hurudi mahali pake. Fundi yule hakuwa mwongo. Alitibu dalili, akapokea ujira wake.

Wako watakaosema, "Mbeya ni baridi, kompyuta itapataje moto?" Ni kweli kwamba baridi yetu husaidia. Lakini mama yeyote aliyehamia hapa kutoka pwani anajua kwamba maharage ya huku huchelewa kuiva. Mbeya mjini, penye kimo cha mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94, si 100, kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi kila feni inapozunguka, basi sehemu ya faida ya baridi hupotea hapo. Ongeza vumbi la kiangazi katika mitaa yetu, linaloziba mapezi ya bamba kama matope yanavyoziba rejeta.

Kwa hiyo neno la kwanza, ndugu msomaji, ni hili: usinunue pesti kabla hujajua kwamba pesti ndiyo mgonjwa. Tuliweka katika kompyuta programu ya kupimia joto, tukaona kadi inafika nyuzi 89. Kadi nyingi zikipita nyuzi 80 na kuikaribia 90 hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Tukachomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme wa mwilini, kisha tukaondoa vumbi kwa brashi laini na kipulizio, huku feni zimeshikwa zisizunguke. Tulipopima tena, joto lilikuwa nyuzi 84. Vumbi peke yake lilikuwa limekula nyuzi tano. Nyumba nyingine huenda zikaishia hapo bila kutumia senti.

Neno la pili ni uchaguzi wenyewe. Madukani utaonyeshwa pesti za rangi nyingi na maneno mengi. Ya kwanza kuikataa ni ile ya metali ya majimaji, itengenezwayo kwa galiamu. Hupitisha joto kuliko zote, lakini hupitisha na umeme, hivyo tone moja likidondoka pembeni laweza kuiua kadi. Aidha, galiamu huila alumini mpaka ikamomonyoka. Hiyo si dawa ya nyumbani.

Chagua pesti isiyopitisha umeme. Zipo zenye majina yaliyozoeleka, kama Arctic MX-4 na Noctua NT-H1, na zipo nyingine nzuri. Tofauti kati ya pesti nzuri na nzuri zaidi ni nyuzi chache tu, bali tofauti kati ya pesti iliyokauka na pesti mpya yaweza kufika nyuzi kumi au zaidi. Usijitese basi kutafuta iliyo ghali kuliko zote. Tafuta iliyo mpya. Tazama tarehe, tazama kama bomba limefungwa vizuri, na ikitoka huku mafuta yamejitenga na unga, irudishe. Jihadhari pia na bidhaa bandia, maana bomba ni dogo na ni rahisi kuigwa. Nunua kwa muuzaji utakayeweza kumrudia.

Kwa kadi ya michoro liko jambo jingine. Chipu yake kwa kawaida haina kifuniko cha chuma. Kila inapopata moto na kupoa, bamba na chipu hutanuka na kusinyaa, na pesti iliyo nyepesi husukumwa pembeni kidogo kidogo. Kwa hiyo pesti nzito, hata kama ni ngumu kuipaka, hudumu zaidi. Siku hizi kuna pia karatasi nyembamba zinazolainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza mabonde zenyewe, mfano Honeywell PTM7950. Ukiipata iliyo halisi, ni chaguo jema kwa asiyetaka kufungua kadi mara kwa mara.

Neno la tatu ni upakaji. Ondoa uchafu wote wa zamani kwa spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti za ngozi zilizotiwa mafuta hazifai, wala pombe ya kunywa. Weka pesti kiasi cha punje ndogo ya mbaazi, uitandaze nyembamba ifunike chipu nzima, maana sehemu iliyoachwa wazi itaungua peke yake. Vile vipande laini kama mpira vilivyo juu ya vichipu vingine, viitwavyo pedi, usivibadilishe kwa pesti. Kama vimechanika, nunua vya unene ule ule, iwe nusu milimita, moja au mbili. Vikiwa vinene mno vitaliinua bamba lisiiguse chipu. Mwisho, kaza skrubu kwa kukingamana, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu la lori. Ukikaza upande mmoja kwanza, chipu yaweza kupasuka.

Na kama kadi ingali katika dhamana ya muuzaji, usiifungue kabla ya kumwuliza.

Tulipomaliza, kijana aliwasha mashine. Tuliitazama programu kwa nusu saa huku chai ikipoa mezani. Joto lilipanda mpaka nyuzi 72, likasimama hapo. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, hakusema neno, ila nilimwona akihesabu magunia yake kwa macho.

Sitakuficha kwamba hasara ilikuwapo. Kazi ya harusi ilifika siku nne baada ya ahadi, na wenye harusi wakakata sehemu ya malipo. Kijana alijazia rejesho la Jumamosi ile kwa fedha aliyokuwa ameitenga kununua viatu. Lakini magunia mawili yalibaki ndani, na ile kadi iliyohukumiwa kufa inafanya kazi hadi leo.

Basi, siku mashine yako itakapougua joto, mwulize fundi maswali matatu kabla hujatoa fedha. Mwulize kadi imepimwa ikafika nyuzi ngapi. Mwulize kama vumbi limeondolewa. Mwulize ni pesti gani atakayoipaka, na umwombe akuonyeshe bomba lake. Fundi mwema hatakasirika. Mimi mwenyewe katika karakana nilifurahi nilipopata mwenye gari aliyeuliza, kwa sababu huyo ndiye aliyerudi tena kwangu.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya pasi ya umeme na nyaya zake. Kwaherini.